Triathloni ya kwanza: chakula cha jikoni au cha dukani? Tazama saa kwanza

Jumamosi moja, masika yakiwa yanaishia, niliamka saa kumi na moja alfajiri nikanywa bakuli zima la uji wa lishe. Ule mzito, wa ulezi, soya, karanga na mchele. Nikautia maziwa, na kwa kuwa nilishaanza kujiona mwanamichezo, nikaongeza kijiko cha siagi ya karanga. Saa kumi na mbili na robo tulikuwa barabarani, mimi na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, tumeshika njia ya Kimbiji, huku kwetu Kigamboni, Dar es Salaam, kwa baiskeli. Kilomita 10 kwenda, 10 kurudi. Juu ya baiskeli sikusikia kitu zaidi ya kiungulia kidogo. Kasheshe ilianza tulipoziegemeza baiskeli ukutani na kuanza kukimbia. Uji ulikuwa bado uko pale pale, na kila hatua ulipanda na kushuka kama maji kwenye dumu lisilojaa. Kilomita moja sikuimaliza. Niliinama kwenye shina la mnazi, mkono mmoja kiunoni, nikaurudisha wote.

Shemeji asubuhi hiyo alikuwa amekula slesi tatu za mkate mweupe na jamu, akashushia chai ya rangi yenye sukari ya kutosha. Jana yake tu nilikuwa nimemsema kwamba anakula kama mtoto anayekimbilia shule. Alirudi, akanipa maji, na kwa heshima ya ushemeji hakucheka mbele yangu. Alicheka tulipofika nyumbani, na kaka yake akamsaidia.

Tangu siku hiyo sijauliza tena kama chakula fulani ni kizuri au kibaya kwa mazoezi. Nauliza kizuri saa ngapi. Wiki 12 tumejiandaa pamoja kwa triathloni yetu ya kwanza, yeye akiwa na jeli zake (sukari nzito ya kuminya kutoka kwenye pakiti), unga wa protini na vidonge vya kuyeyusha kwenye chupa, mimi nikiwa na jiko langu, dagaa na ndizi. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwenzake anajisumbua. Hapa nimeviweka vitu vyake na vyangu ubavu kwa ubavu, kwa ajili ya mtu anayetaka kuanza na hajui pesa yake aipeleke sokoni au kwenye duka la vifaa vya mazoezi.

Umbali upi?

Triathloni ni kuogelea, halafu baiskeli, halafu kukimbia, bila saa kusimama. Hata muda wa kuvua miwani ya kuogelea na kufunga kamba za viatu unahesabiwa. Nimeanza na umbali kwa sababu huo ndio unaoamua utakula nini, na watu wengi huanza na chakula ndipo waje kwenye umbali.

| Aina | Kuogelea | Baiskeli | Kukimbia | Anayeanza humaliza kwa |
|---|---|---|---|---|
| Sprinti | m 750 | km 20 | km 5 | saa 1½ hadi 2 |
| Olimpiki | km 1.5 | km 40 | km 10 | saa 3 hadi 4 |
| Nusu | km 1.9 | km 90 | km 21.1 | saa 6 hadi 8 |
| Kamili | km 3.8 | km 180 | km 42.2 | saa 12 hadi 17 |

Shemeji alitaka kuanza na nusu. Alikuwa ameona video za Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, ambako nusu ilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Aliyaona maji na milima, kilomita 90 za kuipanda milima hiyo hakuziona.

"Shemeji," nikamwambia, "bwawa lenyewe la mita 25 bado unashika ukuta kila ukifika."

"Nashika ili nigeuke."

Alikuwa anashika ili apumue. Tukachagua sprinti.

Na wewe chagua sprinti. Inataka saa 4 hadi 6 za mazoezi kwa wiki, kiasi ambacho mtu mwenye kazi, watoto na foleni ya kivuko anaweza kukiiba alfajiri. Nusu itakula Jumamosi zako zote na nyingine za watu wa nyumbani kwako. Kwa upande wa chakula tofauti ni kubwa zaidi. Mtu aliyekula vizuri jana yake ana akiba ya sukari kwenye misuli na ini inayomtosha karibu saa moja na nusu ya kazi ngumu. Kwenye sprinti akiba hiyo inakaribia kukufikisha mwisho, na unachokula njiani ni nyongeza tu. Kwenye nusu akiba inaisha ukiwa bado juu ya baiskeli. Usipokula kila nusu saa, miguu inakataa, na hapo ndipo jeli za dukani zinapoanza kustahili bei yake. Kwa hiyo ninayoyasema mbele, kila ninapolipa jiko ushindi, ni kwa sprinti na kwa kiasi fulani Olimpiki. Anayekwenda Rubavu aongee na shemeji.

Baiskeli na maji, kwa haraka

Kati ya baiskeli ya resi ya mtumba na ile ya matairi manene uliyonayo tayari, baki na uliyonayo kwa mara ya kwanza. Mwambie fundi akufungie matairi laini yasiyo na vipele, ujaze upepo mpaka yawe magumu, upandishe siti mpaka goti linapokaribia kunyooka pedeli ikiwa chini. Pesa iliyobaki nunua kofia ngumu nzuri, pampu ndogo na tyubu ya akiba. Ukaijue pia kanuni inayowaadhibu wageni wengi: kofia iwe imefungwa kidevuni kabla mkono haujaigusa baiskeli, na isifunguliwe mpaka baiskeli irudi mahali pake.

Bwawa au bahari? Bwawa linakuhesabia: mara 30 za mita 25 ndiyo sprinti yako. Bahari inakufundisha kuinua macho na kutafuta unakokwenda, kwa sababu chini hakuna mstari. Unahitaji vyote viwili, ila usianze na bahari, na usiingie peke yako hata kama umezaliwa ufukweni. Pwani yetu wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo wake haumwonei mtu huruma. Tulichagua siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, tukavaa kofia za rangi ya chungwa ili wenye boti watuone, na tuliogelea sambamba na ufukwe, kamwe si kuelekea ndani. Yavuyavu walinichoma mara mbili. Nimeishi.

Saa moja au mbili kabla

Tumbo hukawia na vitu vitatu: mafuta, nyuzinyuzi na protini. Kwa bahati mbaya ndivyo vitu vile vile vinavyokifanya chakula kiitwe bora mezani. Na ukianza kukimbia, damu nyingi inakwenda miguuni, tumbo linabaki na mzigo bila wapagazi. Hivyo uji wangu wa lishe haukuwa na kosa lolote. Ungekuwa saa sita mchana ungenifaa sana. Saa moja kabla ya baiskeli na mbio, ulikuwa chakula kibaya kuliko vyote vilivyokuwepo nyumbani, pamoja na vile vya watoto.

Niliyojaribu baada ya hapo, kwa tumbo langu mwenyewe, ni haya. Uji wa lishe unataka saa tatu. Chapati ya kusukuma na chai ya maziwa nazo zinataka karibu saa tatu kwa sababu ya mafuta. Nasikitika kusema hivyo, maana chapati ya jana iliyopashwa moto ndiyo kifungua kinywa changu cha miaka yote. Kiazi kitamu cha kuchemsha, kimemenywa, saa mbili. Uji mwepesi wa ulezi, unaoweza kunywewa kwa kikombe, wenye sukari na ndimu na bila karanga wala maziwa, saa moja na nusu. Mkate mweupe na asali, dakika 45 hadi saa moja: slesi mbili na kijiko kikubwa cha asali vinakupa gramu 40 na kitu za wanga. Ndizi kisukari, nusu saa, hata ukiwa unafunga viatu.

Jeli ya shemeji dakika 15 kabla ilifanya kazi ile ile ya ndizi kisukari. Kwa bei ya jeli moja narudi nyumbani na chane nzima. Kwa hiyo mchuano wa saa hii shemeji aliushinda, lakini hakuushinda na jeli. Aliushinda na mkate wa jamu.

Ulezi nisiusingizie. Gramu 100 za unga wake zina zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu, na mwenye kukimbia anaihitaji mifupa yake. Nimeuhamishia jioni, mzito kama zamani, na siagi ya karanga yangu.

Kahawa inastahili sentensi zake. Vikombe viwili vya kahawa chungu ya kijiweni vinasaidia kweli, kafeini ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo faida yake kwenye mazoezi haina ubishi. Lakini kahawa inaharakisha pia mambo mengine. Kama si mnywaji, siku ya mashindano si siku ya kujifunza. Na kama ni mnywaji, jua choo kiko wapi kabla hujajua baiskeli yako imewekwa wapi.

Anayefunga Ramadhani atageuza haya yote. Sisi tulifanya mazoezi mepesi saa moja kabla ya magharibi, na yale magumu tukayaweka baada ya futari kushuka. Kwenye daku, uji wa lishe ulioniangusha chini ya mnazi ulirudi na heshima zake zote, pamoja na maharage, kwa sababu hapo unachotaka ni chakula kinachokaa tumboni.

Juu ya baiskeli

Kwenye maji huli, na ukikimbia kwa nguvu huwezi kutafuna. Baiskeli ndiyo meza yako. Kwa zoezi la saa moja hadi mbili na nusu, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa zinatosha. Kwa anayeanza sprinti, 30 zinatosha kabisa. Hivi ndivyo gramu 30 zinavyopatikana:

| Chakula | Kiasi | Kinapokufaa | Kinapokuangusha |
|---|---|---|---|
| Ndizi kisukari | 2 kubwa au 3 ndogo | dakika 20 za mwanzo | zinapondeka mfukoni |
| Tende ndogo | 5 hadi 6 | wakati wowote barabara ikiwa tambarare | zinanata menoni ukihema |
| Kiazi kitamu cha kuchemsha | gramu 150 hivi | mazoezi marefu ya taratibu | kikavu, kinataka maji |
| Sukari guru | kipande cha gramu 30 hivi | ukiishiwa ghafla | kinayeyuka kwa jasho |
| Jeli ya dukani | moja na kidogo | dakika 10 za mwisho kabla ya kukimbia | bei, na lazima unywe maji |

Ndizi nilizibeba wiki tatu kabla sijakubali kwamba mfuko wa mgongoni ni tanuri. Unazitia alfajiri zikiwa ngumu na za manjano. Saa moja na robo baadaye, jua la Kigamboni limeshapanda, unapeleka mkono nyuma na vidole vinaingia kwenye kitu laini cha moto. Ganda limepasuka upande mmoja. Unavuta, nusu inakuja, nusu inabaki ikiteleza kuelekea kwenye ufunguo wa nyumba. Unakula iliyokuja, unajifuta kwenye bukta, na mkono ule ule unarudi kwenye breki. Sasa ndizi nazila mapema kabla hazijaiva mara ya pili.

Tende ndizo zilizonishangaza. Nilizitoa kokwa usiku, nikaziminya mbili mbili pamoja na punje chache za chumvi, nikazifunga kwenye karatasi nyepesi ya kufungia chakula. Tatizo ni kutafuna na kuhema kwa pamoja: kipandani usijaribu, itakupalia. Subiri mteremko. Kashata za karanga nilizibeba kwa mapenzi tu, ni tamu kweli na kahawa, lakini karanga ina mafuta mengi na kwenye kasi inakaa tumboni kama jiwe. Ziwe za Jumapili, mnapoendesha taratibu na kupiga soga.

Jeli inashinda sehemu moja, na hapo inashinda wazi. Umebakiza kilomita 3 za baiskeli, unahema, mkono mmoja uko kwenye usukani, huna hamu ya kutafuna chochote duniani. Unararua kwa meno, unaminya, unameza, unashushia maji. Sekunde 10. Sijapata kitu cha jikoni kinachoweza hivyo. Nilijaribu asali kwenye kichupa kidogo cha dawa kilichooshwa. Ilikaribia, ila nilifika na usukani unaonata na nyuki mmoja. Ukinunua jeli, ijaribu kwenye mazoezi angalau mara mbili, na karatasi yake uirudishe mfukoni. Barabara ya Kimbiji si jalala.

Chupani

Kwenye mashindano ya kwanza ya kamili kule Hawaii, Februari 1978, walianza watu 15 wakamaliza 12. John Dunbar alikuwa anaongoza ndani ya mbio za miguu pale wasaidizi wake walipoishiwa maji. Wakampa bia. Gordon Haller akampita na kushinda. Nilimsimulia shemeji kisa hiki nikidhani atajifunza jambo juu ya maandalizi, yeye akauliza ilikuwa bia gani.

Tuliweka vitu vitatu mezani: kinywaji chake cha vidonge, dafu, na maji yangu ya ndimu.

Dafu ndilo nililotaka lishinde. Ni letu, ni safi, na liko kila kona. Lina potasiamu nyingi. Lakini jasho ukilionja utajua lenyewe linabeba nini: chumvi, yaani sodiamu, na hiyo dafu halina ya kutosha. Sukari yake pia ni kidogo kwa mtu anayetegemea chupa impe nguvu. Kwa hiyo dafu ni kinywaji kizuri sana baada ya mazoezi, pamoja na chakula chenye chumvi. Ndani ya mazoezi ya saa mbili kwenye joto, peke yake, halitoshi.

Maji yangu ni haya: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vikubwa vinne vya sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi, ndimu moja. Vijiko viwe vya kusawazisha, visiwe vya mlima. Hapo una karibu gramu 50 za wanga na chumvi ya kiasi. Ukipenda ukwaju badala ya ndimu, uchuje vizuri, makapi yanaziba mdomo wa chupa. Kinywaji cha dukani kina mpangilio unaofanana sana na huu, kimeongezewa rangi. Vidonge vya shemeji vinatoa chumvi lakini vyake havikuwa na sukari, jambo ambalo aligundua wiki ya tano alipokwama njiani akiwa na chupa mbili kamili.

Kiasi gani? Jipime uzito kabla na baada ya zoezi la saa moja, ukiwa umejifuta jasho. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya jasho. Mimi nilipungua gramu 900, shemeji kilo 1 na gramu 400. Huna haja ya kuirudisha yote njiani. Na usinywe maji matupu kupita kiu kwa saa nyingi ukidhani unajikinga, damu ikizidiwa na maji sodiamu inashuka, na hilo ni la hospitali.

Ukishuka

Hapa ndipo jiko linaposhinda bila kutoka jasho. Mwili unataka karibu gramu 20 za protini na wanga wa kutosha ndani ya saa moja au mbili. Kijiko cha shemeji cha unga kinatoa gramu 20 hadi 25. Gramu 35 hadi 40 za dagaa wakavu, konzi moja nzuri, zinatoa karibu 20 pia, na kalsiamu juu kwa sababu unakula na miba. Mayai matatu yanatoa 18. Nusu lita ya maziwa au mtindi, 16 hivi. Kikombe cha maharage yaliyoiva, 15, na hapo sasa nyuzinyuzi zake zinakaribishwa.

Jumamosi nilikuwa natoka mazoezini nakuta dagaa waliolowekwa wameshatolewa vichwa na binti yangu. Nyanya, kitunguu, pilipili hoho, ndimu mwisho. Ugali dakika kumi. Shemeji angekaa kibarazani akitikisa kopo lake, harufu inamfikia. Wiki ya kwanza alisema ameshiba. Wiki ya pili aliomba aonje. Wiki ya nne kopo lilibaki kwenye begi na akawa anauliza kama dagaa wa leo ni wa Mwanza au wa Kigoma.

Unga una sehemu yake ya haki. Anayetoka bwawani saa moja na nusu asubuhi na kuingia moja kwa moja ofisini hawezi kukaanga dagaa kwenye dawati. Ila hata yeye anaweza kubeba mtindi kwenye chupa ya chai iliyopozwa kwa barafu, na ndizi mbili. Nalo la mwisho juu ya unga: makopo haya yamewahi kukutwa na vitu visivyoandikwa kwenye lebo, hata vilivyokatazwa michezoni. Dagaa hawana lebo ya kudanganya. Mchanga tu.

Siku za kawaida, na usiku wa kuamkia

Siku za kawaida hakuna mchuano. Ugali, wali au ndizi za kupika, chagua unachopenda, ongeza kipimo siku ya zoezi refu na punguza siku ya mapumziko. Mchicha, matembele, kisamvu kila siku. Wanawake wenzangu tuangalie madini ya chuma: kamulia ndimu kwenye mboga, na chai isogeze saa moja mbali na chakula, kwa sababu chai inazuia chuma kuingia mwilini. Hilo lilinigharimu zaidi ya mazoezi yote ya kuogelea.

Usiku wa kuamkia mashindano ndio mtego. Mama mkwe alipika kwa upendo: kisamvu cha nazi, maharage, samaki wa kukaanga. Kila kitu bora, na kila kitu kingekuwa bado kiko ndani saa moja asubuhi. Nilimwomba ruhusa, nikala wali mweupe na samaki wa kuchemsha kwenye mchuzi mwepesi, saa moja ya usiku. Sahani ya kawaida, kwa sababu kwa sprinti hakuna haja ya kushindilia. Kisamvu nilimwomba aniwekee. Hakuridhika mpaka alipoona nimekifunika mwenyewe na kukiweka kwenye friji.

Halafu tukapanga vitu vya asubuhi juu ya meza. Kwangu: slesi mbili na asali, chupa moja ya maji ya ndimu, ndizi kisukari mbili za kula mapema, tende sita zilizotolewa kokwa. Kwa shemeji: mkate wake wa jamu, chupa ya maji ya ndimu niliyomtengenezea, tende alizozihesabu mara mbili kuhakikisha ni sawa na zangu, na jeli mbili alizozibandika kwa utepe kwenye bomba la baiskeli.

"Shemeji," nikamwambia, "hizo jeli unazihitaji zote?"

Akabandua moja, akaja nayo mpaka kwenye baiskeli yangu, na utepe akiwa ameushika kwa meno.